Njia ya Idodi na Sheria Iliyochelewa

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Iringa wakati wa likizo, usiishie mjini. Shika njia ya magharibi iendayo Idodi. Njia hiyo huteremka kutoka kwenye baridi ya nyanda za juu, mashamba ya mahindi yakiachia nafasi mibuyu na miiba, hata joto likuambie kwamba bonde la Ruaha Mkuu li karibu. Idodi ni nchi ya mpunga wa kumwagilia na ya mifugo. Wasafiri wengi huipita kwa haraka ya kuwaona tembo wa Hifadhi ya Ruaha. Wewe nenda polepole, kwa maana njia hii imebeba sura moja ya historia ya sheria za dunia.

Kwanza utafika Kalenga, kilometa kama 15 kutoka mjini. Hapa ilisimama ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Agosti 17, 1891, mashujaa wake walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne. Vijiji vilichomwa moto, chakula kikaporwa, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa kichwa chake.

Ukizidi kuelekea Idodi utaikuta njia ya kuingilia Mlambalasi. Hapo, Julai 19, 1898, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Wajerumani walimkata kichwa, na kiwiliwili kikazikwa papo hapo.

Sheria ilikuwa wapi? Mwaka mmoja tu baadaye, 1899, mataifa yalikutana The Hague yakaandika kanuni za vita. Yalikataza uporaji, na kumwua adui aliyekwisha kuweka silaha chini. Ujerumani nayo ilitia sahihi. Lakini kanuni hizo ziliwafunga waliotia sahihi walipopigana wao kwa wao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ndiyo maana katika Vita vya Maji Maji, tangu 1905 hadi 1907, mashamba yalichomwa kwa makusudi na njaa ikaua watu maelfu kwa maelfu, wala hakuna afisa aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na Ujerumani ikashindwa. Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi Juni 28, 1919. Ibara ya 227 ilitaka Kaisari Wilhelm wa Pili ashtakiwe mbele ya majaji watano, kutoka Marekani, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani. Mfalme kuitwa kizimbani na mataifa lilikuwa jambo geni. Katika mkataba huo huo, ibara ya 246 iliiamuru Ujerumani kuikabidhi Uingereza fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita.

Tazama tofauti iliyopo. Ibara ya Kaisari ilizungumzia hatia. Ibara ya Mkwawa ilizungumzia kitu cha kurudishwa. Hakuna aliyeulizwa ni nani aliyekata kichwa kile, wala ni nani aliyechoma vijiji. Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza aliyependekeza fuvu lidaiwe, alitaka Wahehe waone kwamba enzi ya Mjerumani imekwisha. Ilikuwa siasa ya mshindi. Mtawala alipata ibara. Wanakijiji wake hawakupata hata mstari.

Ibara zote mbili zilikwama. Mwaka 1920 Uholanzi ilikataa kumtoa Kaisari aliyekimbilia huko, naye akafa huko huko mwaka 1941. Ile miezi sita ya fuvu ikageuka miaka zaidi ya 30: Juni 19, 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, pale Kalenga, fuvu lililotoka katika jumba la makumbusho la Bremen.

Hata hivyo mbegu haikuoza. Viongozi wa Kinazi walihukumiwa Nuremberg mwaka 1946. Mwaka 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya jinai kwa ajili ya Rwanda, ikaweka makao yake Arusha. Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ndiyo mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alihukumiwa kifungo cha maisha. Jambo lililowashinda wakubwa wa dunia kwa Kaisari lilitimizwa katika ardhi ya Tanzania, miaka 100 baada ya Mlambalasi. Na mbele ya majaji wa Arusha walisimama wanavijiji wenyewe, wakatoa ushahidi.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi Songea kwa maovu ya Maji Maji. Radhi si hukumu, na waliotenda maovu wamekwisha kufa. Marehemu hapandishwi kizimbani. Kilichobaki mikononi mwetu ni kumbukumbu. Basi, ndugu msomaji, utakapopumzika Idodi kando ya majaruba ya mpunga, wasimulie wanao habari za Mtwa, kisha uwasimulie na habari za wale waliochomewa nyumba kwa ajili yake, ambao hakuna mkataba uliowataja.