Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yasmeen Lari, mwanamke wa kwanza kuwa msanifu majengo nchini Pakistan, alikuja kuijua maana ya neno hilo baada ya kustaafu mwaka 2000. Kabla ya hapo alikuwa amesanifu majumba ya zege, vioo na chuma mjini Karachi.

Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko la ardhi liliikumba Kashmir na kaskazini mwa nchi hiyo, likaua watu zaidi ya 70,000. Wengi waliangukiwa na kuta na mapaa yao wenyewe. Lari, akiwa na zaidi ya miaka 60, akapanda milimani. Huko akaona kwamba mawe, mbao na udongo vilivyotapakaa mbele ya wafiwa ndivyo vifaa vya kujengea upya, vikishikwa kwa chokaa.

Mafuriko ya 2010 yakampeleka Sindh, na huko akajenga kwa mianzi. Mianzi hufungwa kwa mshazari ili nyumba iyumbe isivunjike; viambaza hukandikwa udongo wenye chokaa ili maji yasiuyeyushe; sakafu huinuliwa. Saruji huchomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450, ikitoa hewa ya ukaa kwa wingi; mwanzi huifyonza hewa hiyo unapokua, na hukomaa kwa miaka michache. Mafuriko ya 2022 yaliwaathiri watu wapatao milioni 33, na nyumba za namna hiyo zilionekana zingali zimesimama.

Kwa msomaji wa visiwani, miti, udongo na chokaa si vitu vigeni. Hata hivyo, apataye kidogo huona haya kubaki ndani ya kiambaza. Hununua matofali kidogo kidogo, akabania saruji na nondo, akaufanya ukuta dhaifu kuwa fahari yake. Haya hiyo huilipia kwa akiba yake, na siku ya maafa huenda akailipia kwa roho yake.

Si kwamba udongo una baraka. Usiotiwa chokaa wala kuinuliwa juu ya msingi, nao huporomoka. Kinachomlinda mkaazi ni ujuzi, na ujuzi huo Lari aliwafundisha wanakijiji, wake kwa waume, wajijengee wenyewe.