Mchaichai Hushika Udongo Lushoto

Ukitoka Mombo kwenda Lushoto, barabara hupanda mlima kwa kilomita 30 na zaidi. Joto la bondeni hubaki nyuma. Njiani, pale Soni, kuna maporomoko ya maji. Yatazame wakati wa masika. Maji yana rangi ya udongo. Udongo huo umetoka mashambani, na ukishafika bondeni haurudi tena.

Katika milima ya Usambara nyumba nyingi zimejengwa kwenye mteremko. Bustani ya mboga huwa chini ya nyumba. Mvua ikinyesha, maji ya paa huteremka kwa nguvu na kuchukua samadi. Mama aliyeibeba samadi hiyo kichwani hupata hasara.

Chimba makinga maji. Kisha panda mchaichai ukingoni. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake hutiwa katika chai.

Fanya hivi:

1. Ng'oa shina moja kubwa. Ligawe. Kila kipande kiwe na mizizi.

2. Punguza majani yake.

3. Panda mvua zinapoanza. Fuata mstari wa kinga maji, usishuke na mteremko. Acha nafasi ya nusu mita.

4. Palilia mpaka mashina yakomae.

5. Vuna kwa kisu kikali. Usikate mpaka chini. Jihadhari, kingo za majani hukata mikono.

Baada ya miaka michache shina huzeeka. Usiyang'oe yote kwa pamoja, kwani utaacha udongo wazi. Ng'oa moja, ruka moja. Yaliyoruka utayang'oa mwaka unaofuata.

Mnanaa nao hudumu. Hupenda unyevu, kwa hiyo uweke karibu na mahali pa kunawia mikono. Lakini hutambaa sana. Upande katika kopo kuukuu lililotobolewa chini. Rozmari hupandwa kwa kipande cha tawi. Haipendi maji yanayotuama. Iweke juu, penye jua. Majani yake hutia harufu nzuri katika nyama.

Ndugu msomaji, masika huanza Machi. Kabla ya mwezi huo, chimba makinga maji yako na umwombe jirani shina moja la mchaichai. Shina moja hutoa miche mingi. Mwakani wewe utampa mwingine.