Ilinde Chupa Tupu

Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kusoma juu ya mapishi, malezi ya watoto na utunzaji wa nyumba. Leo naomba niseme machache juu ya mchezo. Si mpira wala ndondi. Ni ule mchezo wa chupa zenye maji ya rangi, unaochezwa kwenye simu ya mkononi, ambao sasa umeingia katika nyumba nyingi, kambini na mitaani, kwa wakubwa na kwa wadogo. Ukiutazama kwa haraka utasema ni upuuzi wa watoto. Ukikaa nao utaona kwamba unapima subira ya mtu, na kwamba unaweza kuvuruga nyumba au kuijenga, kwa kadiri unavyotumiwa.

Kwa faida ya wasioujua, nitaueleza. Unaoneshwa chupa kadhaa nyembamba. Nyingi kati yake zimejaa maji ya rangi mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, na moja au mbili ni tupu. Kazi yako ni kumimina kutoka chupa hadi chupa mpaka kila chupa iwe na rangi moja tu. Sheria ni mbili. Ya kwanza, huwezi kumimina ila rangi iliyo juu kabisa. Ya pili, huruhusiwi kuimimina ila juu ya rangi iliyo sawa nayo, penye nafasi, au ndani ya chupa tupu. Basi, hakuna sheria nyingine.

Hatua za mwanzo hupita bila jasho. Lakini kadiri rangi zinavyoongezeka ndivyo mambo yanavyofungana, na mchezaji hujikuta amekwama, chupa zote zimeshika rangi na hakuna pa kumimina. Hapo ndipo simu inapomletea njia ya mkato: atazame tangazo la biashara, naye apewe chupa tupu ya ziada. Tangazo hilo halitazamwi bure. Linakula data, na hapa Uganda data inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Tena linakula chaji ya betri. Ni jambo dogo kwa mtu mwenye simu mbili na umeme usiokatika. Kwa nyumba inayongoja simu ya askari aliye mbali, si dogo hata kidogo.

Mwaka 2023 ndugu yangu mdogo alikuwa Somalia pamoja na jeshi letu, katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa ATMIS. Wanajeshi wa Uganda walianza kwenda Mogadishu mwezi Machi 2007, kwa hiyo si sisi wa kwanza kuyaonja maisha hayo ya kungoja. Mwanawe, aliyekuwa na miaka 11 na akisoma darasa la sita, alikaa kwangu hapa Kabalagala ili asiache shule. Mimi ni shangazi yake, na kazi yangu ya ofisini hunitoa nyumbani asubuhi na kunirudisha jioni. Baba yake alimwachia simu moja, na kwa simu hiyo alikuwa akipiga siku za Jumapili, saa yoyote aliyopata nafasi.

Kijana alikuwa akingoja huku ameishika simu mkononi, na katika kungoja alikuwa akicheza mchezo wa chupa. Jumapili moja umeme ulikatika tangu asubuhi. Ilipofika saa kumi na moja jioni, simu ilizima. Baba alipiga, hakupata. Kijana hakula chakula cha usiku. Alijilaumu kama mtu aliyefunga mlango mgeni akiwa nje. Wiki nzima ilibidi ipite kabla hatujaisikia tena sauti ya ndugu yangu, na wasomaji wenye jamaa walio vitani wanajua wiki ya namna hiyo ina urefu gani.

Lilikuwa jambo rahisi kuufuta mchezo ule katika simu na kumkataza mtoto. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya serikali, na chuoni tulifundishwa kwamba mtoto anayependa fumbo asinyang'anywe fumbo, bali apewe mahali pazuri pa kulifumbua. Nikamwambia, "Mwanangu, simu hii ni ya baba yako kwanza. Mchezo tutauhamishia mezani."

Wasiokijua Kabalagala waelewe kwamba mtaa wetu uko katika tarafa ya Makindye, kando ya barabara ya Ggaba. Jina lake ndilo jina la andazi letu tamu la ndizi mbivu na unga wa muhogo. Hata hivyo wengi wanaujua mtaa huu kwa baa zake, ambazo hazilali. Kelele zake ni mzigo kwetu sisi wenye watoto wa shule. Lakini kila asubuhi wafagiaji hukusanya vizibo vya soda na bia kwa ndoo, na vizibo hivyo havina bei. Tuliomba mfuko mmoja, tukavichemsha kwa sabuni, tukachagua vyekundu, vya buluu na vya manjano. Juu ya karatasi tulichora chupa kwa penseli, tukavipanga ndani yake. Mchezo ukawa umehama.

Kijana aliuliza swali la maana: "Shangazi, vizibo si maji. Maji ya rangi moja humiminika kwa pamoja, vizibo tunavihamisha kimoja kimoja. Je, ni mchezo ule ule?" Jibu lake lilikwisha kutolewa na wataalamu. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walithibitisha kwa hesabu kwamba mpangilio unaofumbulika kwa maji hufumbulika pia kwa vidude vinavyohamishwa kimoja kimoja, na usiofumbulika kwa namna moja haufumbuliki kwa nyingine. Walithibitisha pia kwamba mchezo huu umo katika kundi la mafumbo ambayo hata kwa kompyuta haijapatikana njia ya mkato inayofaa kwa kila mpangilio, chupa na rangi zinapokuwa nyingi. Kwa hiyo mtu mzima asione haya akikaa nusu saa mbele ya chupa nane.

Sasa chukueni vizibo tisa, vitatu vya kila rangi, mjaribu fumbo hili, ambalo kila chupa yake huingia vizibo vitatu. Nitazitaja rangi kuanzia juu kwenda chini. Chupa ya kwanza: nyekundu, buluu, manjano. Ya pili: nyekundu, manjano, buluu. Ya tatu: buluu, manjano, nyekundu. Ya nne ni tupu.

Mwenye haraka huiona buluu ya chupa ya tatu ikiwa peke yake juu, akaihamishia katika chupa tupu. Papo hapo mchezo umekufa. Tazameni: chupa ya kwanza na ya pili zina nyekundu juu, lakini zote mbili zimejaa. Ya tatu ina manjano juu na ya nne ina buluu, wala hakuna rangi ya kuzifuata. Hatua moja tu, na hakuna tena pa kwenda. Chupa tupu imepewa mgeni asiye na mwenzake.

Mwenye subira hutazama kwanza ni rangi gani yenye mwenzake aliye tayari. Nyekundu ziko mbili juu. Basi nyekundu ya chupa ya kwanza na ile ya pili ziende katika chupa ya nne. Sasa chupa ya kwanza imeonesha buluu, nayo ina nafasi, kwa hiyo buluu ya chupa ya tatu inaingia hapo. Hatua tatu zimekwisha. Chupa ya kwanza ina buluu mbili juu ya manjano, ya pili ina manjano juu ya buluu, ya tatu ina manjano juu ya nyekundu, na ya nne ina nyekundu mbili.

Kutoka hapo njia ni mbili. Mimi niliitoa manjano ya chupa ya tatu nikaiweka katika ya pili, nikaitoa nyekundu iliyobaki nikaimalizia katika ya nne, na hivyo nikapata chupa tupu nyingine, ya tatu. Buluu mbili za chupa ya kwanza zikaingia humo, manjano mbili za chupa ya pili zikarudi katika ya kwanza, na buluu ya mwisho ikawafuata wenzake. Jumla ni hatua nane, tukihesabu rangi moja inayohama pamoja kuwa hatua moja.

Kijana alitazama kwa muda mrefu, akafanya kinyume. Manjano ya chupa ya pili aliipeleka katika ya tatu, na katika ya pili ikabaki buluu moja tu. Juu yake akaleta buluu mbili za chupa ya kwanza. Manjano mbili zikaenda juu ya manjano iliyobaki katika chupa ya kwanza, na nyekundu ya mwisho ikaenda kwao. Hatua saba. Nilimpa mkono kama nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi waliofanya vizuri.

Mafumbo ya namna hii hayakuletwa na simu. Mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas alitoa fumbo la nguzo tatu na visahani, ambamo kikubwa hakiruhusiwi kukaa juu ya kidogo. Visahani vitatu huhitaji hatua saba, vinne huhitaji 15. Na sisi wenyewe tunao mweso wetu, wenye mashimo 32 na kete 64, ambao wazee wa Buganda wameucheza tangu zamani wakihesabu mbele hatua nyingi bila karatasi. Kupanga kabla ya kutia mkono ni elimu ya kwetu pia.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Wote wenye askari nyumbani wanajua ugumu wa simu inayotoka mbali. Yeye haruhusiwi kusema yuko wapi wala anakwenda wapi, na sisi hatutaki kumtwisha habari za kodi ya nyumba na homa za watoto. Basi mazungumzo huwa mafupi kama salamu za barabarani. "Habari ya masomo?" "Nzuri, Baba." "Unamsikiliza shangazi yako?" "Ndiyo, Baba." Kisha kimya, na kimya hicho kinalipiwa.

Jumapili iliyofuata simu ilikuwa na chaji kamili. Kijana alipomaliza salamu alisema, "Baba, chukua kalamu." Akamsomea mpangilio wa chupa nne, rangi moja baada ya nyingine, kama mtu wa mawasiliano anayetuma ujumbe. Ndugu yangu aliandika. Wiki iliyofuata alirudi na jibu la hatua nane. "Rudia, Baba," mtoto alimwambia, "kuna saba." Nikasikia kicheko cha ndugu yangu, na sikuwa nimekisikia tangu alipoondoka. Alipokata simu kijana aliniambia kwamba Baba aliomba asiambiwe jibu, analitafuta mwenyewe pamoja na wenzake.

Tangu hapo kila Jumapili fumbo moja lilikwenda na jingine likaja. Hayakutaja mahali wala siri ya kazi. Hayakuwa na huzuni ndani yake. Lakini katika mafumbo hayo baba alijua kwamba akili ya mwanawe inakua, na mwana alijua kwamba baba yake, popote alipo, ana saa ya kumkumbuka. Ndugu yangu alirejea salama, tunamshukuru Mungu, na katika mfuko wake wa shati kulikuwa na karatasi zilizojaa herufi za rangi.

Kwa wazazi wenzangu nina mashauri machache. Kwanza, simu inayongojewa isiwe simu ya kuchezea. Mwenye simu moja ahamishe mchezo mezani, kwa vizibo, kokoto au mbegu zilizopakwa rangi. Pili, mtoto akikwama asikimbilie chupa ya ziada. Afundishwe kurudi mwanzo na kutazama ni hatua ipi iliyomfunga. Tatu, mkipanga fumbo wenyewe, kumbukeni kwamba si kila mpangilio una ufumbuzi. Mlijaribu kwanza kabla ya kumpa mtoto, asije akajiona mjinga bure. Nne, wapeni walio mbali jambo la kufikiri pamoja nanyi, maana habari njema haziwezi kupatikana kila wiki, lakini fumbo hupatikana.

Na katika kucheza kwenu shikeni kanuni moja inayozidi zote: ilindeni chupa tupu. Msiipe rangi ya kwanza inayoonekana, bali ile ambayo mwenzake yuko njiani. Nyumba ya askari nayo ina nafasi chache zilizo wazi: saa moja ya Jumapili, chaji ya betri, meza baada ya chakula cha usiku. Zikijazwa ovyo, hakuna kinachohama tena. Zikitunzwa, kila kitu kilichochanganyika kitapata mahali pake, hata kama ni kwa hatua nane badala ya saba.