Mzigo Umo

Katika mji wetu wa Tunduma, mtu huweza kusimama kando ya barabara itokayo Dar es Salaam akaona malori yamepangana masafa marefu, injini nzima, matairi mazima, mizigo ya Zambia na Kongo imefunikwa kwa maturubai, na hakuna hata moja liendalo mbele. Mgeni hudhani yameharibika. Mwenyeji anajua kuwa kuna karatasi ambayo haijaonwa na jicho linalopaswa kuiona. Nilizaliwa katika ujuzi huo, lakini siku nilipouhitaji sikuukumbuka.

Ilikuwa likizo. Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 28, wengi wao wauza mchele na vitenge, na hesabu za hisa zao za mwaka mzima zilikuwa katika kompyuta yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemshawishi aache daftari. Siku mbili kabla ya mgawo nilishikwa na tamaa ya kuingiza mfumo endeshi wa Ubuntu kando ya ule wa zamani. Jina lilinipendeza, maana ni neno la kusini mwa Afrika lenye maana ya utu. Kupenda jina ni rahisi kuliko kusoma maelekezo. Flashi ilipokataa kusomwa, niliingia katika mipangilio ya mashine, nikabadili namna yake ya kuwaka kutoka UEFI kwenda ile ya kale, BIOS. Onyo lilitokea; nikalipita. Nilipoizima na kuiwasha tena, kioo kilikuwa cheusi, na juu yake maneno machache ya Kiingereza kwamba hakuna kifaa cha kuwashia.

Niliiwasha na kuizima mara ambazo naona haya kuzihesabu. Mwisho niliazimu kuingiza mfumo upya juu ya diski nzima. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi Mama alipoingia. Nilimweleza. Hakugomba.

“Mzigo umo au haumo?” akauliza.

“Sijui, Mama.”

“Basi, mwanangu, unafutaje usichokijua?”

Nikaiwasha mashine kwa flashi bila kuingiza kitu, nikafungua diski. Hesabu zilikuwamo, na majina yote 28. Nikazinakili kwanza katika flashi nyingine, ndipo nikaketi kufikiri, jambo nililopaswa kuanza nalo.

Kompyuta iamkapo haijui hesabu za mtu wala mfumo endeshi. Programu ndogo iliyomo katika ubao wake hukagua viungo, kisha hutafuta wa kumkabidhi kazi. Kwa njia ya kale hutazama mwanzo kabisa wa diski, baiti 512 tu. Kwa njia ya UEFI huenda katika sehemu ndogo maalumu ya diski, ikasoma humo faili la kuwashia. Diski yangu ilipangwa kwa utaratibu mpya, nami nilimwamuru bawabu achungulie dirisha la zamani. Tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi mbili, Tunduma na Nakonde, huhudumia wasafiri katika kituo kimoja cha pamoja. Mashine yangu haikuwa na neema hiyo.

Nilirudisha mipangilio katika UEFI, nikawasha flashi kwa njia hiyo hiyo, nikaiweka upya GRUB, programu inayokabidhi kazi kwa mfumo, katika ile sehemu ndogo. Mara ya kwanza nilikosea sehemu. Mara ya pili, usiku umekwisha kuwa mkubwa, ikatokea orodha yenye majina ya mifumo yote miwili, nami nikakaa nikiitazama kwa muda bila kuchagua.

Siku ya mgawo niliweka kompyuta mezani, mbele ya wanawake wote. Mama alinishukuru. Kisha akatoa katika mkoba wake daftari jipya, majina 28 yameandikwa kwa mkono wake, akaanza kusoma hisa humo. Sikumwuliza alilinunua lini.