Masikio Yangu na Nyaya Mbili

Ninyi mlio bado shuleni na ninyi mliokwisha kutoka, napenda kuwasimulia jambo lililonipata kazini. Lilinitia haya nyingi, lakini pia lilinipa elimu.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi katika karakana ya kutengeneza redio na spika, huko Zone Industrielle ya Bujumbura. Anayeujua mji ule anapajua mahali pale: maghala, gereji, malori yakipakia na kupakua mchana kutwa, na jioni jua likitua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Buyenzi, mtu wa maneno machache. Vijana tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu mmoja. Yeye hakubahatika kusoma sana, ila mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu.

Mimi nilisifiwa kwa masikio. Wateja walisema, "Mpeni yule kijana asikilize, atawaambia ugonjwa." Sifa zikanilevya.

Siku moja ya mwaka 2017 alikuja mteja kuchukua spika 2 za ukumbi wa harusi, alizozifunga mwenzangu. Zikapigwa muziki. Nikainamisha kichwa kama mganga, kisha nikasema mbele ya watu wote, "Nyaya zimegeuzwa. Sauti hii inavutwa ndani, haitoki." Spika zikafunguliwa, na kweli! Waya wa chanya ulikuwa mahali pa hasi, katika zote mbili. Mteja akakasirika, akakataa kulipa. Mwenzangu akainama chini asiseme neno, na siku ile ikasemwa kwamba mwisho wa mwezi ataondoka.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Spika ina njia mbili za umeme, chanya na hasi. Ukichukua betri ya volti 1.5 ukagusisha chanya kwa chanya, karatasi ya spika huruka mbele. Ukigeuza, hurudi nyuma. Spika moja ikienda mbele na ya pili nyuma, hewa inayosukumwa na moja huvutwa na nyingine, na sauti nzito hupotea. Kosa hilo hata mtoto hulisikia. Lakini zikigeuzwa zote mbili pamoja, hazipingani. Kila wimbi hupinduliwa tu, msukumo ukawa mvuto, na mvuto ukawa msukumo. Je, sikio la mtu laweza kutambua jambo hilo? Hilo ndilo swali.

Jioni mzee aliniita. "Mwanangu," akasema, "ulisikia, au uliona?"

Nikajibu, "Nilisikia, mzee."

"Vema. Kesho utanisikilizisha."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa nilijua nilichokificha. Kabla ya muziki kupigwa nilikuwa nimepita nyuma ya spika, na kwa tundu la waya niliona rangi nyekundu imekaa mahali pa nyeusi.

Asubuhi mzee alitundika shuka mbele ya spika. Akaweka swichi ya kugeuza nyaya za zote mbili kwa mara moja. Kila mara alirusha sarafu: upande mmoja, sawa, upande wa pili, kinyume. Mimi nilikaa mbele ya shuka na daftari, nikiandika nilichosikia. Mzee naye hakutoa sauti yo yote, nisije nikaisoma siri katika kikohozi chake. Mwenzangu alikaa kando akitutazama.

Tulianza na muziki wa dansi, mara 20. Nilipata 9. Mtu aliyezibwa masikio kwa pamba akiandika ovyo angepata 10 kwa wastani! Tukapiga ngoma za Burundi. Hapo nilikuwa na tumaini, maana fimbo ikipiga ngoma ngozi hushuka kwanza ndipo ipande, na nilidhani mwanzo huo utajulikana. Nilipata 11.

Mzee hakunicheka. Akasema, "Tujaribu tena kwa haki, maana kushindwa mara mbili si hukumu." Akapiga kutoka kompyuta mlio mmoja mtupu usiobadilika, ambao mawimbi yake yamechongoka upande mmoja na kuwa bapa upande wa pili. Hapo nikasikia kitu! Mlio ulibadilika kidogo, kama mtu anayegeuza midomo. Nikapata 17 katika 20. Mtu anayebahatisha hafiki hapo hata mara 2 katika majaribio 1,000.

Baadaye nilisoma, nikaona wataalamu walikwisha pita njia hiyo. Katika karne ya 19 Helmholtz wa Ujerumani alifundisha kwamba sikio halijali jinsi mawimbi yanavyopangana. Mwaka 1982 Lipshitz, Pocock na Vanderkooy, huko Kanada, wakaonyesha kwamba kwa milio fulani kugeuza nyaya husikika. Mwaka 1994 Greiner na Melton wa Marekani wakakuta kwamba kwa milio sahili isiyolingana pande mbili tofauti husikika, lakini katika muziki wenye mambo mengi ni vigumu mno kuitambua. Sababu ipo: vinywele vidogo vilivyo ndani ya sikio huamsha mishipa ya fahamu vinapoinamia upande mmoja, si upande wa pili. Basi sikio si kipofu kabisa. Tena spika yenyewe huweza kudanganya, kwa kuwa karatasi yake haiendi mbele na nyuma sawasawa, na tofauti tunayosikia huenda ikawa ni ya spika.

Na hata hiyo "sawa" ni ipi? Kampuni ya JBL ya Marekani kwa miaka mingi ilifunga spika zake kinyume cha nyingine, na watu walizisifu. Santuri moja huweza kuwa na maikrofoni nyingi, nyingine zimefungwa hivi, nyingine vile.

Tulipokwisha kuhesabu, mzee aliniuliza tena, polepole, "Ulisikia, au uliona?"

Nikasema, "Niliona, mzee. Nilipita nyuma."

Kimya kikawa kirefu. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, na mtu akipiga kelele, "Twende, twende!" Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekukosea. Kosa lako halikuharibu sauti. Langu limeharibu jina lako. Nisamehe."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nyaya nilizigeuza kweli. Niliharakisha." Mzee akakata shauri: mwenzangu atabaki, naye atafunga upya nyaya zile kwa rangi zake, maana siku spika hizo zitakapowekwa pamoja na za fundi mwingine zitapigana. Mimi nitakwenda kwa mteja na kumweleza habari yote kwa kinywa changu.

Nilikwenda. Mteja alinitazama sana, akalipa, lakini tangu siku ile hakuniita tena kusikiliza. Alimwita mwenzangu. Sikumlaumu.

Ninyi mlio shuleni, mtajifunza habari za mawimbi na umeme, na vitawafaa. Lakini mkisema, "Nimesikia," hakikisheni kwanza kama hamkuwa mmeona. Tundikeni shuka, rusheni sarafu, hesabuni. Kama hamwezi kufanya hivyo, basi msimhukumu mwenzenu kwa ushahidi wa masikio yenu. Shuka ile ningali ninayo. Imechakaa, lakini hutundikwa kila ninapojisikia fundi hodari.