Divali Kariakoo: Daftari Jipya na Deni la Gauni



Kila ikifika Oktoba au Novemba, mabibi harusi huniuliza maswali yaleyale. "Dada, mbona duka la lesi limefungwa?" "Kwa sonara kumejaa, kuna nini?" "Na zile ladu ulizoletewa, unakula?" Leo niyajibu yote pamoja, maana nashona magauni ya harusi Kariakoo na vitambaa vyangu vingi natoa kwa Wahindi.

Hiyo ni Divali, sikukuu ya Mabaniani. Huangukia usiku wa kiza, usio na mwezi, ndiyo maana huwasha vile vitaa vya udongo vya mafuta au samli. Kalenda yao nayo ni ya mwezi, lakini kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi mmoja, kwa hiyo Divali haizunguki mwaka mzima kama Idi zetu.

Siku moja au mbili kabla yake kuna Dhanteras. Siku hiyo hununua dhahabu, fedha au hata vyombo vipya vya jikoni, wakiamini vitaleta neema nyumbani. Kama unatafuta seti yako ya dhahabu Mtaa wa Indira Gandhi, wahi wiki mbili kabla, uchague kwa nafasi.

Wahindi wengi wa huku asili yao ni Gujarati na Kachi, watu wa biashara tangu enzi za Seyyid Said, wakati forodha ya Unguja ilipokodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kachi. Kwao Divali ni kufunga mwaka wa hesabu. Daftari la zamani hufungwa, na jipya, la jalada jekundu, hufunguliwa kwa ibada ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali. Huandika maneno mawili: shubh na labh, yaani heri na faida. Siku hizi wapo wanaoweka na kompyuta hapo. Kesho yake ni mwaka mpya wa Kigujarati, na wapo wasiofungua biashara mpaka siku ya tano.

Sasa hapo kwenye daftari ndipo na mimi naingia. Kariakoo tunachukua mali kauli: unapewa mzigo kwa neno lako tu, unalipa ukishauza. Divali ikikaribia, tajiri wangu wa lesi hunitumia ujumbe wa adabu: "Mama, tumalize hesabu." Nikimaliza, daftari jipya linafunguka na jina langu ni safi, napata mzigo wa msimu mzima. Nisipomaliza, hatanigombeza, ila nikienda tena nitaambiwa lesi imekwisha.

Na pesa ya kumlipa iko wapi? Iko kwako, bi harusi uliyechukua gauni ukasema "nitamalizia baada ya harusi, inshaAllah," kisha simu ikawa haipokelewi. Hilo salio lako kwangu ni deni, na kwa yule mzee ni jina langu.

Upande wa dini, ibada yao ni yao. Siingii hekaluni, siwashi taa, wala sili kilichowekwa mbele ya sanamu. Lakini aya ya 8 ya Suratul-Mumtahina inatufundisha kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu. Sanduku la ladu likija kwa ujirani tu, hulipokea kwa shukrani. Wewe muulize shekhe wako, moyo utulie.

Na mashoga zangu, sisi hatuhitaji kungoja Divali ndipo tukumbuke hesabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, ni ya deni: liandikwe, muda utajwe, mashahidi wawepo. Basi ukija kwa fundi, andikianeni: bei, ulichotanguliza, kilichobaki na tarehe ya kumaliza. Harusi ya kiasi isiyo na deni ina baraka kuliko gauni la mkia mrefu linalodaiwa.

Allah atujaalie rizki ya halali na atuondoshee madeni. Amin.