Makro Baadaye, Jasho Kwanza

Sisi tunaosomea kufundisha kompyuta tuna ubishi usioisha: mwanafunzi wa asembli apewe makro mapema, au aandike kila mstari mwenyewe? Mimi nasema aandike kwanza.

Chukua Linux kwenye prosesa za x86-64. Ukitaka maneno yatokee kwenye skrini, unaiomba kerneli: namba 1 kwenye rax, 1 nyingine kwenye rdi, anwani ya maneno kwenye rsi, urefu wake kwenye rdx, halafu syscall. Mistari mitano. Ukichoka kuirudia unaifunga kwenye makro, unaiita "andika", basi. Raha kweli.

Ila makro ni karani tu. Asembla inanakili mistari ileile kila unapoiita. Na syscall huharibu kilichokuwemo kwenye rcx na r11. Anayehesabu mizunguko kwa rcx, hesabu yake imekwenda, na akitazama makro haoni kwa nini. Aliyezoea ile mistari mitano anajua pa kuanzia.

Hata hesabu za sekondari ni hivyohivyo. Tuwape wanafunzi njia ya mkato, lakini wajue inakokatiza. La sivyo, siku ikigoma, watabaki kumkodolea macho mwalimu.